Kilichobaki kwenye matakia ni oili, si petroli

Swali: Nina boti ya faiba ya futi 23, injini ya nguvu za farasi 40 ya kuchanganya oili na petroli. Nabeba wageni kutoka gati la uwanja wa ndege wa Manda kwenda Lamu na Shela. Wiki tatu zilizopita dumu lilipinduka tezi, yaani nyuma ya boti, na kama lita tatu za petroli iliyokwisha kuchanganywa zikaingia kwenye matakia manne. Kava nimezifua mara tatu kwa sabuni ya unga, nikazimwagia siki, nikanyunyiza bikaboneti, nikaanika siku nne. Asubuhi hayanuki. Ikifika saa sita mchana harufu inarudi kama vile imemwagika leo. Mgeni mmoja alishuka analalamika kichwa. Mke wangu anasema tuyafukize udi. Kava ni za turubai, ndani ni sponji ya inchi nne. Nifanye nini kabla ya wageni wa Desemba?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na udi, maana hapo ndipo penye hatari. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, chetezo kikae mbali na matakia hayo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Lamu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupai juu ukapotea. Hushuka na kutambaa chini, na ukikuta kaa la moto huwaka. Baada ya wiki tatu uliobaki ni kidogo, lakini anayefukiza hufunika ili moshi usitoke, na kwa kufunika anaukusanya mvuke mahali pamoja na kaa. Tena cheche moja ikiangukia sponji, hata isiyo na petroli, sponji huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Sijaridhika kabisa na mtu kujaribu hilo ndani ya nyumba yenye watoto.

Na kichwa cha mgeni usikichukulie kama deko la mtu wa mjini. Ndani ya petroli mna benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu kwa anayeivuta muda mrefu. Mgeni hukaa botini dakika ishirini. Wewe na kijana wako wa kamba mnakaa humo kutwa. Kwa hiyo kazi nitakayokueleza ifanyike nje, upepo ukipita, mikono iwe na glavu za mpira, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara wala jiko la mkaa karibu.

Sasa kwa nini asubuhi hayanuki na mchana yananuka? Piga hesabu ya dumu lako. Ukichanganya 50 kwa 1, kila lita ya petroli ina mililita 20 za oili. Lita tatu zilizomwagika zilibeba mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula vya oili. Petroli ilianza kuruka, yaani kugeuka mvuke, saa ile ile, na ulipoanika siku nne nyingi iliondoka. Oili haiwezi kuruka kwa jua la kuanikia nguo. Ilibaki ndani ya sponji, na imeshika pamoja nayo ile sehemu nzito ya petroli isiyoruka upesi. Usiku ikipoa, hutulia. Jua la mchana likipiga turubai, sponji hupata joto, oili hulegea na kuachilia kile ilichokishika. Ndiyo maana unadhani imemwagika upya.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini siki na bikaboneti hazikusaidia, na si kwamba ulikosea kipimo. Siki ni dawa ya vumba. Harufu ya samaki hutokana na vitu vyenye asili ya magadi, na ukali wa siki huviua. Ndiyo maana mama zetu huoshea mikono ndimu baada ya kuparua samaki. Bikaboneti nayo ni kinyume chake, hutuliza harufu chachu, kama maziwa yaliyomwagika yakachacha, au jasho. Petroli na oili si chachu wala si magadi. Ni mafuta, na mafuta hayatulizwi, huondolewa. Kitu kinachoshika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine ni sabuni. Kahawa, pafyumu, na vile vikopo vya kuning'iniza kwenye gari huweka harufu juu ya harufu, na kwa mgeni mwenye kichwa huongeza maumivu.

Kosa lako moja tu ni kufua kava na kuiacha sponji. Nami nililifanya, tena kwa pesa ya mtu. Mwaka wangu wa pili nikishona kava za boti Mtwapa, nililetewa matakia sita yaliyomwagikiwa. Nikaona turubai limechakaa, nikashona kava mpya kabisa, nzuri, mishono miwili miwili, nikazivisha kwenye sponji ile ile ya zamani baada ya kuianika siku mbili. Mwenye boti alirudi baada ya wiki moja. Kava mpya zilikuwa na madoa ya rangi ya chai upande wa ndani, na harufu ilikuwa imehamia kwenye turubai langu jipya. Nilimshonea tena bila malipo. Tangu siku hiyo naanza na sponji ndipo nitazame kitambaa.

Kabla hujatoa hela ya sabuni, jua kwanza ni takia gani limeathirika na kwa kiasi gani. Vua kava zote. Chukua karatasi ya kaki, ile ya mifuko, ukate vipande, ulaze juu ya sponji kavu mahali unapohisi petroli iliingia. Weka tofali juu, uache usiku kucha. Asubuhi inua karatasi uitazame mbele ya mwanga. Maji yakikauka hayaachi kitu; oili huacha doa linaloangaza, karatasi inakuwa kama kioo hafifu. Fanya hivyo juu, chini na ubavuni, kwa sababu petroli hushuka kwa uzito wake na mara nyingi upande wa chini ndio mbaya zaidi, ule uliolalia faiba. Kisha kata kipande cha sponji ukubwa wa kidole gumba kutoka kona ya chini, ukitie kwenye chupa ya jemu iliyooshwa vizuri, ufunge, uiache juani saa moja. Mpe mtu mwingine afungue anuse kwa mbali. Asiwe wewe wala kijana wako, pua zenu zimekwisha kuzoea na zitawadanganya.

Sponji iliyoonyesha doa dogo kwenye karatasi unaweza kuiokoa. Iliyolowa hadi katikati, au iliyovimba, ukiibonyeza inarudi polepole kama mkate usioiva, usipoteze sabuni. Petroli hupenya ndani ya ukuta wenyewe wa sponji, si kwenye matundu yake tu, na sponji ya namna hiyo utaiosha mara tano na mchana utaisikia tena.

Kwa zile za kuokoa, watu wengi hukosea hapa: huanza na maji. Sponji ikishajaa maji, sabuni inaelea juu na oili imejificha ndani. Anza ikiwa kavu. Ilaze kwenye karai pana au sakafu safi, uimwagie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kama nusu kikombe kwa takia moja, sehemu yenye oili ipate zaidi. Hiyo ya vyombo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sufuria, na oili ya injini ni binamu yake. Ikande kwa viganja kama unakanda unga wa chapati, uibonyeze hadi sabuni itokeze upande wa pili, kisha uiache nusu saa. Ndipo umwage maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku unaikanyaga kwa miguu iliyovaa buti za mpira. Usiikamue kwa kuisokota kama shuka, itachanika ndani na hutaona.

Tazama maji yanayotoka. Mara ya kwanza yatakuwa meupe mazito kama tui la kwanza la nazi, huoni chini ya karai. Huo weupe ni oili iliyovunjwavunjwa na sabuni ikachanganyika na maji, kama vile mafuta ya nazi yalivyo ndani ya tui. Ukiona tui, furahi, inatoka. Mwaga, rudia sabuni, rudia maji. Maji ya sabuni peke yake yana povu lakini chini ya karai unaona. Siku maji yanapotoka na povu na chini unaona, hiyo sponji umeimaliza. Kwa doa dogo ni raundi mbili au tatu. Ikifika raundi ya tano na tui bado linatoka, acha, ihamishie kwenye rundo la kutupwa.

Maji najua ni shida kwenu, na visima vya Shela vinategemewa na watu wengi. Raundi za kwanza unaweza kutumia maji ya bahari ukitumia sabuni ya maji au ya unga. Sabuni ya mche usiipeleke baharini. Magnesiamu na kalsiamu za maji ya chumvi huikata ikawa utando mweupe unaonata, na utando huo ukiingia kwenye sponji hautoki. Lakini suuzo la mwisho, hata mara mbili, liwe la maji matamu. Chumvi ikibaki ndani huvuta unyevu wa hewa kila usiku, takia halikauki kamwe, na baada ya mwezi utaniuliza swali jingine kuhusu ukungu. Vuli ikinyesha kinga maji ya paa, sabuni hupenda maji ya mvua.

Kava zina mambo yake. Turubai lenyewe si gumu kuosha. Lilaze kavu juu ya ubao, sabuni ya vyombo moja kwa moja kwenye doa, usugue kwa burashi laini ukitoka ukingoni kwenda katikati ili doa lisipanuke, ndani na nje, uache dakika ishirini, kisha maji ambayo mkono unayavumilia bila shida. Ya kuchemka yatalikunja, hasa likiwa la akriliki, na kava iliyokunjwa hairudi kwenye takia lake. Mahali pa kutilia maanani ni paipingi, ule mviringo ulioshonwa ukingoni kote. Ndani yake mara nyingi mna kamba ya pamba, na kamba hiyo hunywa oili kama utambi. Nimewahi kufungua kava iliyofuliwa mara nne, turubai safi, halafu nikachana inchi mbili za paipingi na kamba ikatoka ya rangi ya kahawia, inanuka petroli. Ibonyeze yako kati ya vidole vilivyofungwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka, mpelekee fundi aichane, atoe kamba, aweke ya plastiki. Ni kazi ya nusu siku, na ni rahisi kuliko kava mpya. Ujue pia kwamba sabuni nyingi huondoa dawa ya kuzuia maji iliyopakwa turubai kiwandani. Kava zikikauka mwagia matone ya maji, yakizama badala ya kuviringika, zipake dawa hiyo upya.

Kama baadhi ya viti vyako vina leza, ile ngozi ya plastiki, badala ya turubai, hizo zifute mapema na usizisugue kwa nguvu. Petroli hutoa mafuta yanayoifanya leza iwe laini. Ikishakauka ikawa ngumu kama kadi, haitibiki na itapasuka kwenye mikunjo.

Anika kava juani, jua kali ni rafiki yake. Sponji ianikwe kivulini penye upepo, imesimama kwa ubavu wake, igeuzwe asubuhi na jioni. Jua la moja kwa moja huifanya sponji tupu kuwa ya manjano, kisha ikawa unga ukiigusa. Inchi nne huchukua siku mbili au tatu kaskazi ikivuma, na vuli hii inaweza kuchukua wiki. Usiifungie ndani ya kava ikiwa na ubaridi katikati. Ibonyeze kwa nguvu juu ya karatasi kavu, karatasi isilowe.

Baada ya hapo, na si kabla, mkaa unaweza kukusaidia kumalizia harufu ndogo iliyobaki. Mkaa wa kawaida uliopondwa, usiowashwa, ndani ya soksi ya zamani, uuweke pamoja na takia kwenye sanduku la boti siku tatu. Matundu madogo ya mkaa hushika mvuke. Uwezo wake ni mdogo, ndiyo maana hauwezi kazi ya kwanza, na takia lenye petroli mbichi halifungiwi kwenye sanduku lolote.

Mashine ya kufulia usiikaribie. Nguo yenye petroli ndani ya mashine, na zaidi ya kukausha, ni mlipuko unaosubiri cheche ya mota. Pasi hivyo hivyo, na mashine ya kunyonya vumbi pia. Jiki haina kazi hapa. Haiyeyushi oili na hula nyuzi za mishono. Wala usifute petroli kwa mafuta ya taa au tina ya rangi eti moto hutolewa kwa moto. Unaongeza mafuta mengine juu ya mafuta.

Maji yale ya tui usiyamwage baharini, hata kama ulioshea ufukweni. Sabuni imeivunja oili ikawa chembe ndogo ambazo dagaa na mizizi ya mikoko hawawezi kuziepuka, na wewe ndiye unayewapeleka wageni kuitazama mikoko hiyo. Yamwage kwenye ardhi kavu mbali na kisima, jua na udongo viyamalize taratibu. Vitambaa na sponji za kutupa zikauke nje kwanza, zisirundikwe ndani ya stoo.

Kwa takia litakalohitaji sponji mpya, usirudie ile ya godoro. Mwombe fundi sponji ya matundu makubwa inayopitisha maji, ukiipata. Ikishindikana, ile ngumu ya matundu yaliyofungwa kama ya maboya ya kuokolea. Ya pili ni ngumu kukalia peke yake, kwa hiyo mafundi huweka inchi mbili chini na sponji laini inchi mbili juu. Upande wa chini wa kava ushonwe wavu badala ya turubai, ili kitakachoingia kipate pa kutokea. Matakia manne yako, kwa maelezo yako, nakisia mawili yataokoka.

Sasa boti. Petroli iliyofika kwenye matakia ilifika pia ngamani, pale chini ya sakafu ya boti maji yanapokusanyika, na kama hukuinua mbao za sakafu, nusu ya harufu ya saa sita huenda inatoka huko. Inua zote. Petroli huelea juu ya maji ya ngama na kuacha utando wenye rangi za upinde wa mvua. Uinyonye kwa matambara kavu, usiwashe pampu ikaitupa baharini, kisha osha faiba kwa sabuni hiyo hiyo ya vyombo hadi kwenye kona za mataruma, zile mbavu za boti. Acha wazi siku nzima. Na kila asubuhi kabla ya kupiga injini, fungua, unuse chini, si usawa wa kifua, kwa sababu nilikwisha kusema mvuke hukaa chini.

Dumu nalo lichunge, lisipinduke wala lisivuje. Petroli hutanuka kwa joto: lita 20 zilizojazwa alfajiri, zikipanda nyuzi 20 juani, huongezeka karibu mililita 400, na zitatafuta njia kwenye kofia. Jaza lita 18, basi. Lijazie likiwa chini ardhini, si ndani ya boti. Dumu la mafuta ya kupikia halifai hata likiwa imara, kofia yake haikutengenezwa kwa petroli na baada ya muda hulegea. Lifunge kwa kamba ndani ya sinia pana la plastiki huko tezi, sinia lenye ukingo wa kutosha kushika lita chache, na takia lolote lisikae hatua moja kutoka hapo.

Halafu pitisha mkono kwenye mpira wa mafuta kuanzia tanki hadi injini, polepole, hasa kwenye kile kipira cha kupampu na pale unapoingia kwenye injini. Uukunje kidogo. Ukiona mipasuko midogo kama ya kisigino, au mkono ukitoka na unyevu unaonuka, badilisha mpira huo kabla hujarudisha takia hata moja botini.